Akiba, bima, hati au pampu: fedha za mwanamke mkulima zianzie wapi?

Kikundi cha akina mama wakulima kikipata fedha, ziwe za mfadhili, za halmashauri au walizochanga wenyewe, huwa hazitoshi kwa kila kitu. Lazima wachague. Na siku hizi mvua zimekuwa hazitabiriki, basi kwenye kikao huletwa mambo manne: kikundi cha kuweka na kukopeshana, bima ya mazao, hati ya ardhi, na pampu ya sola. Kila jambo lina watu wake wa kulipigia debe, na kila mmoja hueleza la kwake kana kwamba mengine hayapo. Nimeyaweka hapa pamoja kwa ajili ya viongozi wa vikundi, maofisa maendeleo ya jamii na mashirika madogo yanayotakiwa kuamua lipi litangulie.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2023 kuhusu wanawake katika kilimo inasema mashamba yanayosimamiwa na wanawake hutoa mavuno pungufu kwa asilimia 24 yakilinganishwa na ya wanaume yenye ukubwa ule ule. Hiyo si kwa sababu akina mama hawajui kulima. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu vijiji vya Burkina Faso ulilinganisha mashamba ya watu wa kaya moja, zao moja, mwaka mmoja, ukakuta shamba la mke linavunwa kidogo kuliko la mume kwa sababu samadi na nguvu kazi vilikwenda kwanza kwa mume. Mama alipalilia la baba, kisha akafika kwenye lake majani yakiwa yamekwishakula mazao. Ukimpa mama huyo mbegu bora bila kugusa hilo, umeacha shida palepale.

Kwa hiyo kila msaada nitaupima kwa maswali matatu. Unabeba janga la aina gani? Faida yake inaishia mkononi mwa nani? Na inachukua muda gani kuonekana? La pili ndilo husahaulika zaidi, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Kuhusu janga, mama mkulima ana ya aina mbili. Kuna lake peke yake: mtoto kalazwa, uzazi umekuwa mgumu, mume kafariki na mazishi yanadai fedha. Na kuna la kijiji kizima: mvua imekatika mahindi yakiwa yanabeba, au mto umefurika ukasomba kila kitu. Katika Pembe ya Afrika, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Machi 2019 Kimbunga Idai kiliikuta Msumbiji mavuno yakiwa bado shambani. Msaada unaofaa kwa janga la kwanza mara nyingi hauwezi la pili, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Kikundi cha akiba: kinaanza kesho, lakini kina kikomo

Mfumo wa sanduku la kufuli tatu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukiitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Leo ukienda karibu kijiji chochote cha Afrika Mashariki utaukuta, kwa jina hili au lile.

Tazama mkutano unavyokwenda. Wanachama, kwa kawaida 15 hadi 25 au 30, wanakaa duara. Washika funguo watatu, ambao si viongozi, wanakuja mbele kila mmoja na wake. Sanduku linafunguliwa hadharani. Kila mama ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na muhuri unagongwa kwenye kitabu chake mbele ya macho yake, hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Wanaochelewa wanalipa faini. Mfuko wa jamii unachangiwa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Mwisho kiasi kilichobaki sandukuni kinatajwa kwa sauti ili wote wakikariri hadi mkutano ujao. Baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linavunjwa, kila mmoja anapata mgao kulingana na hisa zake pamoja na sehemu ya riba.

Nguvu ya mfumo huu iko kwenye swali la pili. Fedha inaingia mkononi mwa mama, mbele ya mashahidi, bila kupita kwa mtu. Riba, ambayo mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10 kwa mwezi, inaonekana kubwa, lakini inarudi kwa wanachama wenyewe. Ilinganishe na mikopo ya kausha damu, ambako mama ananyang'anywa godoro na sufuria. Kwa janga la mtu mmoja sijaona kinachoushinda: mtoto akiugua, fedha ya mfuko wa jamii inatoka siku hiyo hiyo.

Udhaifu wake uko wazi vilevile. Ukame ukija, unawakuta wote. Hisa zinapungua, waliokopa wanashindwa kurejesha, na kila mmoja anataka mkopo wiki ile ile ambayo sanduku liko tupu. Wanaoliuza wazo hili kama dawa ya mabadiliko ya tabianchi wasiwadanganye akina mama. Isitoshe, mama maskini kabisa, asiye na uwezo wa kununua hata hisa moja kila wiki, mara nyingi hubaki nje ya duara, na hakuna anayegundua kuwa hayupo.

Jambo moja dogo hubadilisha sana thamani ya kikundi kwa mkulima: tarehe ya mgao. Vikundi vingi huvunja sanduku sikukuu zikikaribia. Fedha inakwenda kwenye nguo za watoto na kitoweo, ambavyo ni haki yao, kisha mvua zinaanza na mama hana hela ya mbegu wala ya kibarua wa kutayarisha shamba. Kikundi cha wakulima kipange mgao wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Hakihitaji mfadhili kwa hilo. Kinahitaji kubadili kifungu kimoja cha katiba yake.

Bima ya mazao: inabeba ukame, ila si kila ukame unaouona wewe

Bima ambayo wakulima wadogo huletewa siku hizi haimtumi mtu kuja kukagua shamba. Kampuni inatazama kipimo, kama vile mvua iliyopimwa kwa setilaiti au ukijani wa nchi unaoonekana kutoka angani, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, wote wa eneo hilo wanalipwa. Ndiyo maana gharama za kuiendesha ni ndogo. Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo ya namna hii ilianza Januari 2010 kwa kazi ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, na wafugaji wakalipwa katika ukame wa 2011.

Hii ndiyo nguvu ambayo sanduku halina. Fedha inatoka nje ya kijiji wakati kijiji chote kimeishiwa.

Lakini kipimo kinaweza kusema uongo bila mtu yeyote kudanganya. Malawi inatufundisha hilo kwa gharama kubwa. Katika msimu wa 2015/16 serikali ilikuwa imenunua bima ya ukame kutoka African Risk Capacity, mfuko wa bima ulioundwa chini ya Umoja wa Afrika. Ukame ukaja, mamilioni ya watu wakahitaji chakula, na hesabu ya kompyuta ikasema hakuna cha kulipa. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana hesabu ilidhani wakulima wanapanda mahindi ya kukomaa kwa muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wamekwishahamia mbegu za muda mfupi, na mvua ilikatika wakati ule ule ambao mbegu hizo zilikuwa zinaihitaji. Hesabu ikarekebishwa, malipo ya takriban dola milioni 8 yakatoka, lakini miezi mingi baada ya njaa kuanza. Ikiwa serikali nzima, yenye wataalamu wake, iliweza kukutwa na hilo, mama mmoja mwenye ekari moja atamlalamikia nani?

Sasa nije kwenye linalowahusu wanawake hasa. Utafiti uliofanywa Senegal na Burkina Faso uliwapa wakulima wa kike na wa kiume nafasi ya kuchagua kati ya bima ya kilimo na njia mbalimbali za kuweka akiba. Wanawake walinunua bima kidogo kuliko wanaume, wakaweka zaidi akiba ya dharura. Watafiti walilieleza hivi: mvua ikikosekana inawaumiza wote sawa, ila mwanamke anabeba juu yake hatari za uzazi na za malezi, ambazo bima ya mvua haizigusi. Kwa hiyo aliyechagua akiba hakuwa mwoga wala mjinga. Alihesabu maisha yake yote, si shamba peke yake. Hata hivyo utafiti huo huo ulikuta kwamba walionunua bima walitumia pembejeo zaidi na kuvuna zaidi kuliko waliopewa njia za akiba. Bima inampa mkulima ujasiri wa kuweka mbolea ardhini. Huo ni ukweli ambao watu wa akiba, nikiwemo mimi, tunapaswa kuumeza.

Kikwazo kikubwa ni ada, inayodaiwa wakati ambao mama hana kitu, yaani mwanzo wa msimu. Ethiopia walipata njia nzuri: katika mpango ulioanza Tigray mwaka 2009, wakulima maskini walilipia bima kwa kazi, wakichimba makinga maji na kutunza udongo wa eneo lao. Napenda njia hii kwa sababu hata mwaka ambao bima hailipi, makinga maji yapo.

Na usisahau simu. Malipo hutumwa kwenye namba iliyoandikishwa. Laini ikiwa ya mume, bima ni ya mume, hata kama aliyelima, aliyepanda na aliyelipa ada ni mke.

Hati ya ardhi: polepole, na bila hiyo mengine yanavuja

Hapa watu huchoka mapema. Hakuna picha nzuri ya kupiga, hakuna mavuno ya kuonyesha mwisho wa msimu, na kuna shemeji wa kukabiliana naye. Lakini fikiria kilimo kinachostahimili ukame kinadai nini: matuta, makinga maji, samadi ya miaka, miti ya kivuli. Vyote hivyo unaviweka leo na kuvila baada ya miaka. Mama anayelima kipande cha kuazima akikitia rutuba, mwenye nacho anakidai msimu unaofuata. Kwa hiyo hakitii, na ana sababu.

Jambo hili limeonekana Akwapim, Ghana: wanawake, wakihofia kwamba kipande kilichopumzishwa kingechukuliwa, hawakuipumzisha ardhi kwa muda mrefu kama waume zao, wakavuna kidogo kwa sababu hiyo. Rwanda ilionyesha upande wa pili. Nchi hiyo ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi katika zoezi la miaka michache, na tathmini ya maeneo ya majaribio ilikuta kaya zilizosajiliwa zimeongeza sana kazi za kuhifadhi udongo, ongezeko likiwa kubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Lakini tathmini hiyo hiyo ilitoa onyo: wake wenye ndoa halali walinufaika, wasio na cheti cha ndoa wakaachwa nyuma. Kabla ya kampeni ya hati, basi, ulizeni ni akina mama wangapi wa kikundi wana ndoa iliyosajiliwa. Pengine kazi ya kwanza ni hiyo.

Sheria nyingi ziko upande wa mwanamke. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji lenye watu 7 liwe na wanawake 3. Kenya, Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Ethiopia kuna maeneo ambako cheti hubeba majina na picha za mke na mume pamoja, jambo rahisi ambalo linamzuia ndugu wa marehemu kusema hakumjua mjane. Pengo liko kati ya karatasi na kikao cha ukoo, na fedha ya mradi inafaa kuingia hapo: nauli ya kwenda halmashauri, ada za upimaji, mtu wa kuwasaidia kujaza fomu, na vikao na wazee.

Ikiwa hati itachukua miaka, kuna njia ya kati ambayo vikundi vinaidharau bila sababu: kukodi shamba kwa mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa, kwa jina la kikundi, ukishuhudiwa na serikali ya kijiji. Haumpi mama umiliki, lakini unamhakikishia kwamba samadi ya mwaka huu ataivuna yeye.

Pampu ya sola

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa jibu linategemea mambo matatu tu: maji, soko na mwenye pampu. Kalalé, kaskazini mwa Benin, vikundi vya wanawake vilipewa kuanzia mwaka 2007 pampu za sola zilizounganishwa na umwagiliaji wa matone, na bustani zao zikatoa mboga wakati wa kiangazi, za kula na za kuuza. Huko bustani ilikuwa ya kikundi na wanawake walikuwa wakilima mboga tangu zamani. Kwa upande mwingine, utafiti kuhusu pampu ndogo za umwagiliaji zilizouzwa Kenya na Tanzania ulikuta wanunuzi wengi mno ni wanaume, na maamuzi makubwa kuhusu pampu yalibaki kwao. Mashine ikishakuwa na thamani, hubadili mkono haraka. Kama hakuna kikundi imara cha kuimiliki, fundi wa karibu wa kuitengeneza, na barabara inayopitika ya kupeleka nyanya sokoni kabla hazijaoza, msianze na pampu.

Mbegu zinazostahimili ukame sikuziweka kwenye mashindano haya kwa makusudi. Ni jambo la msimu mmoja, gharama yake ni ndogo, na kikundi cha akiba kinaweza kuzinunua kwa pamoja. Afisa ugani awaambie tu ukweli kwamba mahindi ya chotara yatanunuliwa upya kila msimu, ilhali mtama, kunde na choroko wanaweza kujiwekea mbegu wenyewe.

Basi lipi litangulie?

Kama kikundi ni kipya na fedha ni za mwaka mmoja, anzeni na akiba, mgao uwekwe kabla ya kupanda, na sehemu ndogo ya fedha za mradi iwachangie akina mama wasiomudu hisa ya kwanza. Nasema hivyo nikijua akiba haiwezi ukame. Inatangulia kwa sababu inawapa wanachama kitu ambacho mengine yote yanakihitaji: watu wanaoaminiana na wanaojua hesabu zao. Vilevile kikundi kilichosajiliwa, chenye kumbukumbu nzuri, ndicho kinachoweza kuomba ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri za Tanzania, ambako asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake.

Kama kikundi kina mizunguko kadhaa nyuma yake na eneo lenu hukumbwa na ukame mara kwa mara, ongezeni bima, lakini muinunue kama kikundi, ada ikatwe kwenye mgao. Hapo mama halipi wakati mfuko umekauka, na mkiwa wengi kampuni itawasikiliza.

Kama wengi wa wanachama ni wajane, walioachika au wake ambao ndoa zao hazijasajiliwa, nisingesubiri. Ardhi iende sambamba na akiba tangu mwezi wa kwanza, hata kama bajeti yote ya nyongeza itaishia huko. Na popote mlipo, msipande mti wala kuchimba kisima cha kikundi kwenye ardhi ambayo haina maandishi.

Mwisho, wakala wa bima akifika, kabla ya mtu yeyote kutia saini, mwenyekiti amwombe ajibu mbele ya wote. Mnapima nini, mvua au ukijani, na kipimo cha eneo letu kinachukuliwa wapi? Hesabu yenu inadhani tunapanda mbegu gani, na tunapanda mwezi gani? Katika miaka ambayo sisi tunaikumbuka kuwa ya njaa, bima hii ingelipa mipi? Mwaka mvua ikiharibika kwetu na kipimo kikisema ni nzuri, tunalalamika kwa nani, na kwa siku ngapi? Malipo yatakuja kwa namba ya nani? Wakala asiyeweza kujibu maswali hayo kwa lugha ambayo kila mama ataielewa arudi kwanza ofisini kwake, na ada ibaki sandukuni.